Hundi ikidunda: meseji ya kwanza, meseji ya pili

Meseji ya benki imeingia: akaunti yako imewekewa shilingi 8,400,000. Mbao 1,200, bei 7,000 kila moja, zimeshapangwa kwenye fuso pale Mafinga. Dereva amewasha gari, na mwenye mbao haoni sababu ya kumchelewesha. Siku chache baadaye inaingia meseji nyingine, fupi kuliko ya kwanza, na zile 8,400,000 zimeondolewa. Mbao zimeshafika Dar es Salaam, mnunuzi hapokei simu, na mwenye mali anaapa kwamba benki imemuibia.

Benki haijamuibia. Hela ile haikuwahi kuwa yake, na kwa kweli haikuwahi kutoka popote. Ugomvi mwingi wa hundi huku Nyanda za Juu Kusini, iwe ni mbao za Mufindi, mchele wa Kyela au viazi vya Njombe, unazaliwa katika siku hizo chache kati ya meseji ya kwanza na ya pili. Watu hudhani malipo yalifanyika, kisha yakafutwa. Kumbe lilikuwa ombi la malipo lililokuwa bado linasubiri jibu.

Hundi ni amri ya maandishi. Mwenye akaunti anaiambia benki yake: mlipe fulani kiasi hiki kutoka kwenye akaunti yangu, pindi atakapodai. Ndivyo inavyotambulika katika sheria yetu ya hati za aina hii, Sura ya 215 ya Sheria za Tanzania, iliyofuata mtindo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwenye kuamriwa ni benki ya aliyeandika. Benki yako wewe uliyepokea hundi haijaamriwa chochote. Yenyewe ni tarishi tu: inachukua karatasi yako na kwenda kukudaia kwa wenzake.

Zamani tarishi huyu alikuwa anatembea kweli. Karatasi yenyewe ilisafiri, na tawi la Benki Kuu hapa Mbeya lilikuwa miongoni mwa vituo ambako mabenki yalikutana kubadilishana hundi. Hundi ya benki ya mbali ingeweza kuzunguka hadi mtu akasahau alikuwa anadai nini. Tangu 2015 kuna mfumo wa Benki Kuu unaoitwa TACH. Hundi inapigwa picha kwenye tawi ulikoipeleka, picha na taarifa zake zinapita kwenye mtandao, karatasi inabaki. Benki ya mwandikaji inaifungua picha na kukagua: akaunti ipo hai? Fedha zipo? Saini inalingana na ile ya kwenye faili? Tarehe iko sawa? Mwenyewe hajaizuia? Kasoro isipoonekana, fedha zinahama. Ikionekana, hundi inarudishwa kwa njia ile ile ya mtandao, na ndipo meseji ya pili inapoandikwa.

Wakati hayo yanaendelea, kwenye akaunti yako kiasi kimeshaonekana, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Taarifa ya akaunti huwa na masalio mawili: salio la jumla, linalohesabu hata hundi ambazo hazijajibiwa, na salio unaloweza kulitoa leo. Meseji nyingi husema tu kwamba umewekewa kiasi fulani, na mtu akishaona namba anafunga simu. Angalia salio la pili. Au nenda dirishani ukaulize swali moja tu: hii hundi imeshalipwa? Si “imeingia”, maana kuingia imeingia tangu jana.

Siku za kusubiri ni siku za kazi. Hundi iliyopelekwa Alhamisi alasiri, kesho yake ni Nane Nane na Uyole yote iko viwanjani, itaanza kuangaliwa Jumatatu. Walaghai wanaijua kalenda hiyo vizuri kuliko sisi. Hundi nyingi zenye matatizo huandikwa mwisho wa wiki, kuelekea sikukuu, na mwandikaji akiwa na haraka isiyoeleweka.

Kuna walaghai wasiosubiri hata meseji ya benki. Mnunuzi anaingia tawi lolote mjini kwake, anaweka hundi kwenye akaunti yako, kisha anakutumia WhatsApp picha ya stakabadhi iliyogongwa muhuri wa benki. Muhuri ni halali kabisa. Ila unathibitisha jambo moja tu, kwamba karatasi imepokelewa. Ukiikuza picha, sehemu ya fedha taslimu iko wazi na kiasi kimeandikwa kwenye mstari wa hundi. Mtu aliyesimama juani pale Makambako, gari linanguruma na wapakiaji wanadai posho yao, hakuzi picha.

Sasa hundi imerudi. Karatasi ya benki huwa na sababu, na sababu zina uzito tofauti kabisa. Nyingine ni za kizembe tu. Kwa tarakimu imeandikwa 8,400,000, kwa maneno milioni nane na elfu arobaini. Kwa mujibu wa sheria, maneno ndiyo yanayoshinda tarakimu, lakini benki haipendi kuamua ugomvi wa watu, kwa hiyo huirudisha ikarekebishwe. Vivyo hivyo hundi yenye mkato usiosainiwa, au hundi ya shule au ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayotakiwa saini mbili ikaletwa na moja. Hundi iliyokaa kwenye droo zaidi ya miezi sita huhesabiwa imechakaa. Yenye tarehe ya mwezi ujao hailipwi kabla ya siku yake. Katika haya yote mwandikaji anaweza kuwa mtu mwema mwenye pesa zake, na dawa ni simu moja na hundi mpya.

Herufi za kuogopa ni R/D, kifupi cha Kiingereza “refer to drawer”. Maana yake ni kwamba umrudie aliyekuandikia. Benki haikuambii kwamba mteja wake hana kitu, kwa sababu siri za akaunti yake si zako, na ikimtangaza vibaya kimakosa inaweza kujikuta mahakamani yenyewe. Kwa hiyo inakutuma kwake kwa adabu. Mara nyingi sana R/D ni kukosekana kwa fedha. Si lazima ziwe sifuri. Hata ikipungua laki moja jibu ni lile lile, kwa kuwa benki hailipi nusu hundi.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwandikaji anaweza kuwa alikuwa na hela asubuhi ile alipokuandikia. TRA ina uwezo wa kisheria wa kuiagiza benki iipe fedha za mdaiwa wa kodi zilizomo kwenye akaunti. Mahakama nayo inaweza kuikamata akaunti ili mdai mwingine alipwe. Kazi za mkandarasi wa barabara zinaweza kuwa nzuri na bado akaunti yake ikafungwa Jumanne, hundi yako ikafika Jumatano. Huyo si tapeli, ingawa kwa mwenye mbao matokeo hayana tofauti.

Sababu ya tatu ya kuumiza kichwa ni zuio. Mwandikaji ameiambia benki yake isilipe. Ana haki ya kufanya hivyo wakati wowote kabla hundi haijalipwa, na benki ikipuuza zuio inajibebesha hasara. Lakini zuio halifuti deni. Kama mzigo ulifika salama na ulikuwa sawa, anadaiwa vile vile. Kama mchele ulioandikwa wa Kyela umefika ukiwa umechanganywa, hapo ana hoja, na ugomvi unahama kutoka kwenye hundi kwenda kwenye mzigo.

Kurudi kwa hundi moja kunaweza kurudisha nyingine. Turudi kwa mwenye mbao wetu. Kabla ya hundi ile alikuwa na 1,100,000. Alipoona 8,400,000 zimeongezeka, aliamini ana 9,500,000, akamwandikia mwenye shamba la miti hundi yake mwenyewe ya 3,000,000. Hundi ya mnunuzi inarudi, anabaki na 1,100,000 yake, kisha hundi yake ya milioni tatu inafika kudai. Inarudi nayo. Benki yake inamkata tozo ya hundi iliyorudi. Wakati mwingine hukatwa hata kwa ile aliyoletewa, kwa kuwa tarishi naye alitumwa safari ya bure. Kama benki ilimruhusu kutoa sehemu ya fedha kabla ya jibu, inazidai zirudi, na akaunti inaingia kwenye deni. Mwenye shamba, ambaye hakuwahi kumsikia mnunuzi wa Dar, sasa anamwona mwenye mbao kuwa ndiye tapeli. Hundi zake zikirudi mara kwa mara, benki inaweza kumnyang'anya kitabu cha hundi au kufunga akaunti, na afisa mikopo atakayeisoma taarifa yake ya miezi sita hatauliza nani alianza.

Nini kifanyike? Kwanza karatasi. Iombe benki yako hundi yenyewe, pamoja na waraka unaoonyesha tarehe na sababu ya kurudishwa. Nimeona watu wakirudisha hundi kwa mwandikaji kwa heshima, “chukua mzee, utanilipa ukipata”, na baada ya hapo hawana ushahidi wowote zaidi ya urafiki. Hundi haitoki mkononi mwako mpaka pesa iwe imeingia. Nakala mpe.

Kisha mpigie, na baada ya kumpigia mwandikie. Sheria ile ya Sura ya 215 inataka aliyeandika hundi apewe taarifa kwamba haikulipwa. Inamsamehe mdai sharti hilo pale benki isipokuwa na wajibu wa kulipa, mathalani fedha hazikuwepo, au mwandikaji mwenyewe ndiye aliyezuia. Usitegemee msamaha huo. Barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya hundi, kiasi, tarehe iliyorudi na siku za kulipa haigharimu kitu, na hakimu huipenda. Kama hundi ilipitia kwa mtu wa katikati aliyeigonga saini nyuma na kukupa, huyo naye mpe taarifa haraka, maana bila taarifa anaweza kuponyoka kabisa.

Akikuomba uipeleke tena wiki ijayo, inawezekana. Hundi iliyorudi kwa kukosa fedha inaweza kuwasilishwa upya. Ila muulize siku gani hasa fedha zinaingia na zinatoka wapi. Jibu la “jaribu tu Ijumaa” litakuongezea tozo ya pili. Na kama benki yake ina tawi mjini kwako, hundi ya benki hiyo hiyo hujibiwa hapo hapo bila kuzunguka kwenye mfumo. Hundi isiyochorwa mistari miwili sambamba inaweza hata kulipwa taslimu kwenye dirisha lao. Yenye mistari lazima ipite kwenye akaunti. Wafanyabiashara wazoefu wa Tunduma huwa na akaunti kwenye benki zaidi ya moja, na hii ni sababu mojawapo.

Likishindikana kwa maneno, njia ya mahakama si ndefu kama watu wanavyoogopa. Kwanza, hundi iliyorudi huliamsha deni la asili. Risiti uliyotoa siku ile haimaanishi umelipwa, ingawa busara ni kuandika juu yake kwamba malipo ni kwa hundi namba fulani na yatahesabika itakapolipwa. Pili, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ina Amri ya 35 inayohusu mashauri ya mkato, na madai yanayotokana na hundi yametajwa humo kwa jina. Katika shauri la kawaida mdaiwa anajitetea kama haki yake. Katika shauri la mkato anatakiwa kwanza aombe ruhusa ya kujitetea na aonyeshe ana hoja ya maana. Asipoipata, mdai anapewa hukumu. Utaratibu huu uko mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama ya mwanzo haifuati sheria hiyo. Wakili wa Mbeya mjini au Iringa anaujua, mtajie utaratibu kwa jina: shauri la mkato.

Wengi lakini hawaanzi kwa wakili. Wanaanza polisi. “Nakuweka ndani” ndiyo sentensi ya kwanza anayoisikia mwandikaji, na mara nyingine inalipa kuliko barua. Tuwe wazi hata hivyo. Kudaiwa si kosa la jinai. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Kati ya hivyo viwili kuna pengo pana. Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe kwamba mtu alijua hundi haina kitu, alikusudia kudanganya, na kwamba mali ilitoka kwa sababu ya udanganyifu huo.

Chukua hali mbili. Mnunuzi anaandika hundi ya akaunti aliyoifunga mwaka jana, mbao zinapakiwa hapo hapo. Kesi hiyo ina miguu. Sasa chukua nyingine: mbao zilichukuliwa kwa mkopo mwezi wa tatu, mwezi wa sita mdaiwa anaandika hundi kutuliza simu, na hundi inadunda. Mbao hazikupatikana kwa hundi, zilishaondoka zamani kwa kuaminiana. Mpelelezi mwaminifu atakwambia nenda kafungue madai. Hundi ya tarehe ya mbele nayo inatia shaka, kwa sababu aliyeipokea alijua kabisa kwamba siku ile fedha hazipo, ndiyo maana akakubali tarehe ya mbele. Na hata mshtakiwa akitiwa hatiani, kifungo hakilipi mbao. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini kuikusanya kwa aliye gerezani ni habari nyingine.

Hapa niwaseme na wakopeshaji, wale wa mikopo ya kausha damu. Wapo wanaomtaka mkopaji, mwalimu au mwenye duka, asaini hundi tupu bila kiasi wala tarehe, iwe “dhamana”. Kisheria mtu aliyepewa hundi iliyosainiwa anaweza kuijaza, ilimradi asivuke ruhusa aliyopewa, na kuthibitisha ruhusa iliishia wapi ni kazi ya aliyesaini. Deni la laki tano linajazwa milioni mbili, hundi inadunda kama ilivyotarajiwa, na mkopaji anatishiwa polisi kwa karatasi aliyoijaza mtu mwingine. Kama huna budi kutoa hundi ya dhamana, andika kiasi kwa maneno na tarakimu, chora mistari miwili, na uweke kwa maandishi ni ya mkopo upi. Deni likiisha, idai irudi siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa anayeandika, ukigundua akaunti haitoshi kabla hundi haijafika, kimbilia benki, si kwa shemeji. Meneja wa tawi anaweza kukupa ovadrafti ndogo kama mmezoeana na biashara yako inaonekana, au unaingiza fedha taslimu asubuhi ile. Ukishindwa, mpigie uliyemwandikia akuahirishie kuipeleka. Hundi isiyopelekwa haidundi. Mtu aliyeambiwa mapema hukasirika, lakini hukasirika kama ndugu.

Ni kweli hundi zinapungua. Hundi inayokwenda benki nyingine imewekewa kikomo cha shilingi milioni 10. Zaidi ya hapo fedha zinapita TISS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2004, na kwa kiasi kidogo kuna TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo, na mitandao ya simu. Tofauti yake ni kubwa kuliko kasi tu. Katika TISS fedha zinatoka kwanza kwa mlipaji ndipo zinafika kwako, kwa hiyo asiye nazo hawezi hata kuanza. Mnunuzi wa mzigo wa milioni 25 anayesisitiza akuandikie hundi tatu za chini ya milioni 10 badala ya kwenda mara moja kujaza fomu ya TISS, muulize kwa nini. Huenda ana sababu. Mpaka uisikie, fuso lisubiri, hata likilala Mafinga usiku huo na dereva akadai posho ya ziada. Posho hiyo ni rahisi.

Hata hundi iliyoandikwa na benki yenyewe, ambayo watu huiamini macho yamefumba, hughushiwa. Ipigie benki inayosemekana kuitoa, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Usitumie namba iliyochapwa juu ya karatasi uliyoletewa.

Muda nao unahesabika. Dai la mkataba lina miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, na hundi iliyochakaa kwa miezi sita haifuti deni ndani ya miaka hiyo. Inaondoa tu njia ya dirishani. Mwandikaji akifariki kabla hundi haijalipwa, benki ikishapata habari za msiba haiilipi tena, hata kama akaunti imejaa. Inarudi kama nyingine, na mdai anaipeleka pamoja na risiti zake kwa msimamizi wa mirathi, akisubiri zamu yake na wadai wengine.